Neno Baiti, Alivyolijua Mama

Kila mwanzo wa mwaka, kidato cha kwanza wanapoingia kwenye chumba cha kompyuta kwa mara ya kwanza, naandika ubaoni neno moja tu: baiti. Nafundisha shule ya sekondari huku Goba, shule iliyojengwa mgongoni mwa kilima, kiasi kwamba mpira ukitoka uwanjani unafuatwa bondeni. Wanafunzi wangu wamezaliwa simu zikiwa tayari ndani ya nyumba. Ukiwauliza GB ni nini wanajibu kwa pamoja, "Bando, madam!" Ukiwauliza hiyo B ni herufi ya kwanza ya neno gani, darasa linanyamaza.

Basi nawaeleza kama nilivyoelezwa mie. Kompyuta haijui kusoma. Inachojua ni kwamba umeme upo, au haupo. Huo upo-au-haupo mmoja ndio biti. Biti moja peke yake haisemi chochote cha maana, lakini ukizipanga nane unapata kifurushi kinachotosha kubeba herufi moja, na kifurushi hicho ndicho baiti. Kilobaiti, megabaiti, gigabaiti, zote hizo ni hesabu ya vifurushi hivyo vidogo. Na neno lenyewe, nawaambia, lilitungwa na mhandisi mmoja wa Kimarekani zamani sana, kutokana na neno la Kiingereza la kung'ata. Alikuwa anatafuta jina la kiasi ambacho mashine inaweza kumeza kwa mara moja. Sie tungesema tonge. Wakabadilisha herufi moja kwa makusudi, "bite" ikawa "byte", kwa sababu bila hivyo mwandishi akisahau herufi ya mwisho tu, baiti inageuka kuwa biti. Tena mwanzoni tonge hilo halikuwa na kipimo kimoja. Kuna waliofinyanga la biti sita, kuna waliofinyanga la saba, mpaka baadaye dunia ikakubaliana na nane.

Wanafunzi wanalipenda hilo la tonge. Wanacheka, wanaandika, kengele inalia.

Maelezo ya pili, yale ya mama yangu, sijawahi kuyatoa darasani. Si sahihi, hilo moja. La pili, sidhani kama ningeyamaliza.

Tulikuwa tunakaa Kinondoni, kwenye nyumba ya baba. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi mrefu katikati unaotokea uani, na huko uani jiko na stoo. Sie tulikaa vyumba viwili vya mbele, vilivyobaki walikaa wapangaji. Baba na mama walikuwa watu wa Kilwa. Baba aliendesha malori ya bandarini. Mama alifundisha Kurani barazani kila alasiri, watoto wa mtaa wakiwa wamekaa mkekani, na sauti zao zilikuwa sehemu ya nyumba kama vile mlango na bati.

Nilikuwa na kaka mmoja, mkubwa wangu. Alipoteza mwaka kwa kuumwa, kwa hiyo tukamaliza kidato cha nne pamoja, na baada ya mtihani baba akatuandikisha wote wawili darasa la kompyuta Mwenge. Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja nyuma ya vibanda vya wachonga vinyago. Siku nzima tulisikia tezo zikigonga mpingo, na vumbi jeusi la mbao lilikuwa linaingia mpaka kwenye kibodi, kwa hiyo kila kompyuta ilivishwa kitambaa kama bibi harusi. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa kutoka Bukoba, mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri. Yeye ndiye aliyetupa habari za tonge.

Siku hiyo kaka alirudi nyumbani na neno baiti mdomoni. Mama alikuwa barazani anakunja mkeka.

"Mama, leo tumejifunza baiti."

Mama akasimama. "Wamekufundisheni Kiarabu huko?"

"Kiarabu? Hapana mama, kompyuta."

"Baiti ni nyumba," mama akasema. "Hujasikia Baitullahi? Nyumba ya Mungu. Hata beti za mashairi zimetoka hapohapo, ubeti ni nyumba ya maneno. Sasa hiyo kompyuta yenu inataka nyumba ya nini?"

Nikamwambia mwalimu kasema ni tonge. Nikamweleza mambo ya kung'ata, na ile herufi iliyobadilishwa. Mama akanisikiliza kwa adabu, kama alivyowasikiliza watoto waliokosea kusoma, halafu akasema, "Mtu ana nyumba unampa tonge!" akaingia ndani na mkeka wake.

Mie nililichukulia kama mzaha. Kaka alikaa barazani akifikiri. Mwishowe akanigeukia, uso unang'aa. "Lakini mama kasema kweli, we huoni? Biti nane. Vyumba vinane. Sita vya ndani, jiko, stoo."

Jioni ile, watu walipomaliza swala ya magharibi, alipita mlango kwa mlango akiwaomba wapangaji wafunge mapazia yao juu na wakae karibu na swichi. Alivipa vyumba namba, kuanzia cha mbele mpaka stoo. Chumba cha tatu alikaa muuguzi mmoja wa kutoka Njombe, na alipoambiwa azime taa alipiga kelele, "Mie napiga pasi, bwana! Nina zamu kesho!"

"Dakika moja tu, dada. Tunamwandikia mama."

"Mnamwandikia gizani?"

Lakini akazima. Kaka alimsimamisha mama kwenye mlango wa mbele, akamwambia atazame ukumbini. Halafu akaita kwa sauti: cha pili washa, cha tano washa, cha sita washa, stoo washa, vingine vyote zima. Nilikuwa mie ndiye niliyetumwa stoo. Nilipowasha taa nilichungulia, nikaona ukumbi wetu umekuwa mistari ya mwanga na giza, na mama kule mwisho akiwa na mtandio wake mweupe.

"Hiyo ni M, mama," kaka akasema. "Ndivyo kompyuta inavyoandika M. Nyumba moja, herufi moja."

"M ya nini?"

"Ya Mama."

Mama alizihesabu taa kwa kidole. Kisha akasema, "Kama herufi moja inataka nyumba nzima, basi msahafu wangu mzima unataka mji." Na wote tukacheka, na muuguzi alicheka gizani chumbani mwake, na mama alikuwa bado anacheka wakati baba aliposimama nyuma yake mlangoni.

"Nani kazima taa zangu?"

Sijui namna ya kuieleza sauti ya baba. Haikuwa ya ukali. Ilikuwa nzito tu, ilitokea chini kabisa ya kifua, na mtu akiwa ameegemea ukuta aliisikia mgongoni. Kila chumba kiliwashwa kwa mara moja. Kaka akasema, "Aa, baba! Sasa zote zinawaka, hiyo siyo herufi yoyote." Na baba, ambaye hakujua tulikuwa tunazungumza nini, akaomba maji ya kunywa.

Kaka aliondoka si miaka mingi baada ya hapo. Alipata nafasi ya masomo mafupi ya kompyuta nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya, na masomo yalipokwisha hakurudi. Alisema anatafuta maisha kidogo, atarudi. Makaratasi yake yaliisha muda, na baada ya hapo ikawa kama kaingia kwenye chumba ambacho mlango wake unafunguka upande mmoja tu: angetoka, asingeruhusiwa kuingia tena, na alikuwa bado hajapata cha kumrudisha nyumbani na uso mkavu.

Kwanza tulikuwa tunawasiliana kwa barua pepe. Nilikuwa nakwenda Mwenge kwenye duka la intaneti, nasoma, nakariri, narudi kumsimulia mama. Mama alikuwa ananikatiza: "Kasema hivyo kwa maneno yake au unamsaidia?" Baadaye zikaja simu, na baadaye kabisa zikaja hizi simu za kugusa, na kaka akawa anatuma sauti yake kila wiki.

Alipata kazi ya usafi kwenye jengo kubwa lisilo na madirisha. "Mama," alisema siku moja, "unajua nafagia wapi? Kwenye jumba wanakoweka baiti za watu. Picha zao, barua zao, kila kitu. Mashine zimepangwa kama makabati, zinapuliziwa hewa ya baridi mchana kutwa, zinanguruma. Hakuna mtu. Mie na ufagio wangu tu."

Mama aliwaambia majirani mwanawe Ulaya anatunza nyumba. Hakuwa anadanganya, kwa upande wake.

Baba alipofariki, nilimpigia kaka kabla sijampigia mtu mwingine yeyote. Aliuliza maswali machache kisha akasema, "Usikate." Alitaka kuwepo. Kwa hiyo niliiweka simu dirishani, upande wa wanaume waliokuwa wanasoma dua ukumbini kabla jeneza halijatolewa, naye alikuwa humo, kimya, nikiona tu sekunde zinavyokwenda kwenye kioo. Nilipoichukua baadaye mawasiliano yalikuwa yamekatika. Bando lilikwisha dua ikiwa katikati. Aliniambia siku nyingine kwamba aliendelea kushika simu sikioni muda mrefu, hakuamini kwamba kimya kile ni kukatika. Alidhani watu wanalia.

Baba alikuwa na watoto kwingine pia, watu wazima, na mirathi huwezi kuigawa kwa kujenga ukuta katikati ya nyumba. Nyumba ya Kinondoni iliuzwa, kila mmoja akapata haki yake, hakukuwa na ugomvi. Mama nikamleta Goba kwangu, kwangu na mume wangu. Hakuipenda Goba. Alisema ni mahali pa mbuzi, kupanda na kushuka. Alikuwa anaona vibaya kwa sababu ya mtoto wa jicho, na upande wa jicho la kulia alikuwa amebakiwa na ukungu. Kurani aliendelea kuisoma, kwa kichwa. Watoto wa kufundisha hawakuwepo; huku nyumba zina mageti.

Kilichobaki ni Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri alikaa kwenye ngazi ya veranda, ile kona ambayo mtandao unashika vizuri, na simu mapajani. Asubuhi yake aliniambia, "Mwanangu, umeniwekea baiti?" Hakuwahi kusema bando wala MB. Kijana wa kibanda cha vocha alikuwa ameshamzoea, na nadhani siku moja nilimsikia akimwambia mteja mwingine, "Unataka baiti za wiki au za siku?"

Video mama hakuitaka. Kaka alijaribu. "Mie sikuoni huko," mama alimwambia, "naona taa tu. Sema tu nikusikie." Basi kaka akasema. Sauti yake kwenye simu ilikuwa nyembamba na kavu kidogo, ya juu juu, na mara nyingine ilikatikakatika kama mtu anayeongea huku akipanda ngazi. Lakini ndiyo tuliyokuwa nayo. Mama aliijua vizuri. Alijua kaka akiwa na mafua kabla hajakohoa. Alijua akidanganya kwamba kala.

Miaka ilikwenda hivyo, kwa Ijumaa.

Mwaka jana, wakati wa kipupwe, kaka alipata makaratasi ya ukaazi. Aliniambia mie kwanza, na nilipopeleka habari kwa mama alikuwa anachambua mchele kwa vidole, kwa sababu macho hayakutosha. Aliendelea kuchambua, akafika mwisho wa ungo, akarudia tena mchele uleule tangu mwanzo.

Siku aliyofika, mume wangu na mie tulikwenda uwanja wa ndege. Mama alikataa kwenda. Alisema atapika, na kweli alipika, wali wa nazi na samaki, akiongozwa na pua. Uwanjani nilimtazama kaka akipita mbele yangu na nikamwacha apite. Nilikuwa natafuta kijana mwembamba. Aliyepita alikuwa mtu mzima mnene, kichwa hakina nywele, miwani. Akarudi nyuma, akasimama, akaniita kwa lile jina la utotoni ambalo yeye peke yake ndiye anayeniitia.

Tulishikana pale mpaka mume wangu akaanza kutuombea radhi kwa watu wenye mizigo.

Njiani hakuzungumza sana. Alitazama dirishani. Alipozungumza kulikuwa na kelele za barabarani, madirisha yako wazi, na labda ndiyo sababu mie sikugundua kitu. Au labda nilikuwa nimejaa furaha, masikio yangu yamejaa pia.

Tulifika alasiri. Mama alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba. Kaka alivua viatu mlangoni, akavuta pumzi, akaita:

"Hodi humu ndani!"

Jikoni kulikuwa na sauti ya mwiko. Ikanyamaza.

Nikamwona mama akitokea kwenye korido, mkono mmoja ukutani. Alikuwa ameuvuta mtandio kichwani na kuuweka sawasawa, kama alivyokuwa akifanya zamani kila lori la baba liliposikika kona ya mtaa. Uso wake ulikuwa na umri ambao nilikuwa nimeusahau.

"Karibu mwenyewe," akasema. "Umechelewa leo."

Kaka alinitazama.

"Mama," akasema, "ni mie, mwanao."

Ndipo mie pia nikasikia. Ile nzito. Ile ya chini kabisa ya kifua. Mama aliegemea ukuta na nadhani aliisikia mgongoni, kwa sababu aliteleza nao mpaka sakafuni, taratibu, akaanza kulia. Kaka alikimbia, akapiga magoti, akamshika. "Mama, ni mie. Mama, nyamaza, ni mie nimerudi." Na kila aliposema, mama alizidi kulia, kwa sababu sauti iliyokuwa inambembeleza ndiyo iliyokuwa inamliza.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na nalijua kwa ufundi wake. Simu haibebi sauti nzima. Sauti nzima ina baiti nyingi mno, kwa hiyo simu inachagua: inachukua kile kinachotosha maneno yaeleweke, inakipeleka, kingine inakitupa. Halafu huku mwisho kuna kispika kidogo kama kifungo cha shati, nacho hakiwezi kutoa uzito wa kifua cha mtu. Nilikuwa nayafundisha haya. Nilikuwa na mchoro wake kabisa kwenye daftari la somo. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba kaka yangu alikuwa anazeeka upande wa pili wa mchoro huo, sauti yake inashuka mwaka hadi mwaka, na sie tunapelekewa ile ya juu juu tu. Kilichokuwa kinatupwa njiani kila Ijumaa kilikuwa ni baba.

Na sauti ya baba mwenyewe hatuna. Tulitafuta. Kwenye simu za ukoo mzima kuna harusi, kuna vikao, kuna watoto wakiimba, lakini baba hakupenda kupigwa picha wala kuongea mbele ya simu. Hakuna hata neno moja lake lililowekwa mahali popote.

Siku zilizofuata mama alikuwa na njaa ya kumsikia. Alimwomba amsomee magazeti. Alimwomba atoke nje aongee na mafundi waliokuwa wanajenga kwa jirani, yeye akiwa ndani, dirisha wazi. Mara nyingi alikaa amempa mgongo. Kaka alifanya yote aliyoombwa. Alikuwa amekaa kwenye jengo lisilo na mtu miaka yote ile, na sasa kila neno lake lilipokelewa kama chakula. Mwanzoni alifurahi. Kisha nikaona anaanza kupunguza maneno.

Siku moja tukaenda Kinondoni, yeye na mie. Alitaka kuona mahali nyumba ilipokuwa. Nilikuwa nimemwambia nyumba haipo, lakini kuambiwa ni kitu kimoja, kuona ni kingine. Pale kuna jengo la ghorofa sasa. Chini wanauza vipodozi na vifaa vya simu, pembeni kuna saluni. Baraza lilipokuwa ndipo wanapoegesha bodaboda. Kaka alisimama, akapima kwa macho, akasogea hatua chache, akasimama tena. Mlinzi wa jengo akatufuata.

"Habari zenu. Mnamtafuta nani?"

"Hatumtafuti mtu," kaka akasema.

Mlinzi akatuacha, lakini akatutazama kwa mbali. Kaka akaniuliza bila kunigeukia, "Mama ananisikiliza mie, au anamsikiliza baba?"

Nikampungia mlinzi mkono, kumwambia tunaondoka sasa hivi.

"Kule," akasema, "nikimaliza kufagia nilikuwaga nakaa kati ya yale makabati nafikiria siku nitakayoingia ndani nimkute mama. Nilikuwa nayajua mpaka maneno atakayosema. Sasa nimekuja, na anayoyasema anamwambia mtu mwingine."

"Kamuulize."

"Nimuulize mama kitu kama hicho?"

"We muulize. Mie siwezi kukujibia."

Alimuuliza jioni ileile, sebuleni, mie nikiwepo. Aliuliza vibaya, kwa kuzungukazunguka, mpaka mama akamkatiza, "Unataka kujua kama nakuona wewe au namwona marehemu."

Kaka akaitikia kwa kichwa, halafu akakumbuka mama haoni vizuri, akasema, "Ndiyo."

Mama alinyoosha mkono akatafuta uso wake. Akaupapasa, kichwa kisicho na nywele, miwani, mashavu. "Mwanangu, nimewakosa nyote wawili muda mrefu. Kila mmoja nilikuwa namlilia siku yake. Wewe Ijumaa, yeye siku zilizobaki. Sasa mmekuja siku moja, kwa mlango mmoja. Mie nifanyeje? Ningekuwa nimekusahau wewe, nisingekulilia vile sakafuni. Mtu halii kwa kusikia, analia kwa kupata." Akamrekebishia miwani. "Nivumilie. Nitawatenganisha polepole."

Na kweli, katika zile siku zilizobaki za likizo yake, nilimwona akigeuka. Alianza kukaa akimwelekea. Alianza kumuuliza habari zake mwenyewe: anapika nini kule, ana rafiki, kwa nini hajaoa, miguu inamuuma wakati wa baridi? Siku moja nilipita koridoni nikasikia anamgombeza kwa sababu ya kuacha taulo lenye maji kitandani, na nikajua kaka yangu amerudi nyumbani.

Kabla hajaondoka nilileta kutoka shuleni kinasa sauti kizuri na kipaza sauti chake. Nilimweka kaka chumbani, nikafunga madirisha, nikamwambia aongee chochote. Niliihifadhi sauti ile nzima nzima bila kuipunguza hata kidogo, faili kubwa mno ambalo lisingepita kwenye simu yoyote ya Ijumaa. Alipoondoka, nilimwekea mama kwenye zile spika kubwa za mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Imekaribia," akasema.

"Nikuwekee tena?"

"Hapana. Usiiweke mara kwa mara. Tutaizoea, halafu itakuwa kelele kama redio." Na toka siku hiyo hajaniomba.

Kaka amerudi kwenye jumba lake la baridi. Safari hii anafanya kazi ya kubadilisha vifaa vilivyokufa, si ufagio tena, na anasema atakuja kila anapopata likizo, jambo ambalo kwa mara ya kwanza anaweza kulisema na likawa kweli. Ijumaa ya kwanza baada ya kuondoka kwake nilikuwa na hofu. Nilijua atakayetoka kwenye simu ni yule mwembamba. Mama aliweka simu sikioni, akasikiliza salamu, akatabasamu kidogo, uso ukamwinama.

"Umepungua," akamwambia. "Basi nyamaza wewe leo. Nisikilize mie."

Akaanza kusimulia. Alimsimulia Kilwa, na nyumba ya babu yetu, na kijana mmoja utingo wa lori aliyekuwa anapita kila alasiri akimwamkia bibi yetu "Shikamoo mama" kwa sauti ambayo ilimfanya binti aliyekuwa uani aache kutwanga. Sikuwahi kuisikia habari hiyo maisha yangu yote. Sikujua kwamba baba alikataliwa mara ya kwanza. Sikujua kwamba mama ndiye aliyemtumia ujumbe arudi tena, kupitia kwa shangazi.

Sasa ndivyo ilivyo kila Ijumaa. Yeye ndiye anayesema, kaka ndiye anayesikiliza. Mie nakuwa jikoni, nafunga bomba la maji ili kelele zisinipotezee neno. Mama akifika mahali pagumu anasimama, na kunakuwa kimya kirefu pale verandani, bonde lote la Goba mbele yake, ambalo halioni.

"Upo?" anauliza.

"Nipo, mama. Endelea."